Senti ya Tundu Niliyoisugua

Cheka ukitaka, hata mke wangu anacheka mpaka leo, lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, Mikindani, saa saba mchana, jua likiwaka kiasi cha kukaanga korosho bila moto. Wanaotokewa na mizimu usiku wana yao. Wangu alikuja mchana kweupe.

Nina meza yangu karibu na nyumba za mawe, nauza sarafu za zamani. Shule nimesoma ya jioni, nikamaliza kidato cha nne na mvi kichwani, kwa hiyo historia usinifundishe. Ninazo hela za Mjerumani zenye taji, zilizotuachia hili neno hela. Ninazo rupia za fedha. Ninavyo vipesa vya kale, vyepesi kama magamba ya samaki, ambavyo watu huvifukua wakilima mihogo. Ukishika kimoja unajiuliza, nani alikishika kabla yangu? Alikinunulia nini? Niamini, swali hilo liliwahi kuninyima usingizi siku tisa.

Moja tu siuzi. Ni senti kumi ya tundu, ambayo mama alinifunga kiunoni kwa uzi mweusi nilipozaliwa, kama tulivyofungwa watoto wengi wa huku. Mama alifariki sijaacha ziwa. Picha hakuacha. Bibi aliyenilea naye ametangulia. Mama yangu mzima ni hiyo senti.

Basi siku hiyo akaja msichana wa kama miaka ishirini, kajifunga kaniki. Kabla sijafungua mdomo akasema, “Marahaba.”

“Dada, shikamoo hapa ni ya kwangu,” nikamtania.

“Yako nimeshaipokea.”

Kivuli chake? Sikukiona, lakini saa hizo hata changu kilikuwa kimejificha chini ya ndala. Akachukua hela moja, akafumba macho. “Hii ilinunua chumvi kijijini Kitaya. Aliyeitoa alikuwa na kidonda mkononi.” Akachukua rupia. “Hii ya mahari. Bibi harusi aliificha kwenye nywele.”

Kila aliyoirudisha mezani nikaigusa. Baridi ya maji ya mtungini, na jua lile! Mwanaidi, jirani yangu muuza juisi ya ukwaju, alikuja kuzigusa baadaye, akafunga biashara siku nzima.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mimi nilitoa senti yangu mfukoni.

“Huyu mwenye hii niambie chochote,” nikasema. “Hata alivyokuwa akicheka.”

Akaigeuza, akaigeuza tena. “Nani kaiosha?”

Mimi. Wiki moja kabla, kwa majivu na ndimu, kama tunavyosugua sinia la shughuli. Kwa mapenzi tu, mpaka nikaona meno yangu ndani yake.

“Alikuwemo,” akasema taratibu. “Umemsugua, baba.”

Sikuona haya, nilimsihi. Akaingiza ukucha kwenye tundu. “Humu ndimu haikufika. Alikuwa akikaza fundo kwa meno.”

“Na kingine?”

“Kingine ulikimwaga na maji.”

Nikainama kufuta macho, tuseme jasho. Nilipoinuka, senti ilikuwa mezani na barabara tupu mpaka baharini.

Zile alizozishika zina baridi hadi leo, njoo uguse. Senti yangu, ingawa aliishika, ina joto kama sufuria yoyote. Nimeirudisha kiunoni kwa uzi mweusi, mtu mzima na kitambi changu, ili jasho liifanye nyeusi tena. Nilipoufunga huo uzi nilikaza fundo kwa meno, nikakaa nalo mdomoni kitambo kirefu.

Kwa hiyo wewe mwenye sarafu ya marehemu kabatini, iache na uchafu wake. Usiipeleke kwenye ndimu. Na ukipita Mikindani saa saba ukanikuta siuzi, nimeshika senti kiunoni tu na kutazama barabara, usinisemeshe. Kuna mtu namsubiri.