Chapa Chini ya Kidole Gumba

Siku yangu ya kwanza kazini, hapo Thika, sikupewa kichwa cha mtu. Nilipewa sanduku la nyembe za kukunja, kuukuu na zenye kutu, nikaambiwa nizipange kwa umri. Sisi vinyozi tulipenda chuma cha zamani kwa sababu kilishika makali, ila ilibidi ujue unachonunua. Nilikuwa mtu mzima mwenye mke, na bado nilianza kama mtoto wa shule.

Nikaanza na mipini, kwa kuwa ndiyo ilikuwa mizuri. Mwenye duka, Mhindi Mwislamu tuliyemwita Bwana Fundi, alinipokonya wembe.

"Wewe naangalia nini? Mpini iko nguo tu. Nguo nabadilika. Soma chuma!"

Akanifundisha kusoma shina, kile kipande kilicho nyuma ya makali ambapo mtengenezaji hupiga chapa yake. Wembe wenye jina la mji peke yake, alisema, ni babu. Ukiwa na jina la nchi pia, ni kijana. Ubavu mnene ulionyooka ni wa kale. Uliochongwa ukabonyea ni wa karibuni. Na mpini mweusi, usugue kwa kidole mpaka upate joto. Ukinuka kafuri, si pembe ya mnyama, ni kitu cha kiwandani. Niliyashika haya kama katekisimu.

Baadaye nilipelekwa duka letu la Ruiru, chini ya Msimamizi, mtu mpole aliyeogopa kila kitu. Hakuwa na makosa. Ilikuwa Hali ya Hatari, wakoloni wakiwasaka wapiganaji wa msituni, na Mkikuyu kama mimi aliyekutwa na chuma chenye makali alikuwa na maelezo marefu ya kutoa. Mimi nilitembea na barua ya Bwana Fundi mfukoni kwamba mimi ni kinyozi, na askari akinitazama mara mbili niliitoa kabla hajaniuliza.

Asubuhi moja Inspekta wa polisi, Mzungu, akaniita kituoni. Nilimkuta Kamau ameketi sakafuni, mikono imefungwa. Kamau alikuwa rika langu, na rika kwetu ni ndugu; alikuwa mkazi wa Makongeni, akiuza vitu vya mitumba sokoni Ruiru. Mezani kulikuwa na wembe wa kukunja uliotoka kwenye gunia lake. Bwana mmoja wa shamba la kahawa alikuwa amepotelewa na wembe wa babu yake, wenye mpini mweusi. Chapa yake hakuikumbuka.

"Wewe fundi ya wembe," Inspekta akasema. "Hii iko ya zamani ama mpya?"

Basi ikawa hivyo. Nikisema mpya, Kamau anarudi nyumbani. Nikisema wa zamani, anakwenda kizuizini, na wakati ule hakuna aliyejua mtu wa kizuizini atarudi lini.

Niliufungua. Ubavu mnene, umenyooka. Kwenye shina, jina la mji tu. Ulikuwa babu wa mababu.

"Wee, waambie ukweli," Kamau akasema. "Nilinunua kwa Mhindi mmoja alikuwa anahama. Haki ya Mungu."

Mwizi gani hasemi hivyo? Nilijua moyoni kwamba ameiba. Nikasugua mpini, nikampa Inspekta anuse.

"Kafuri, Bwana. Huu ni wa kiwandani, wa juzi. Babu za watu hawakuwa nao."

Alinusa, akanitazama. "Na chuma?"

Kidole gumba changu kilikuwa juu ya chapa. Sikukiondoa.

"Kimeliwa na kutu, Bwana. Hakisomeki."

Kamau akafunguliwa. Nami kuanzia siku ile nikamkwepa. Akija dukani nilifunga droo ya nyembe. Akinialika kwake nilikuwa na kazi. Niliona nimelipa udugu wote niliodaiwa na mwizi.

Miezi mingi ikapita. Kisha yule Bwana wa shamba akaja kunyolewa, akanipa wembe wake mwenyewe, mpini mweusi wa pembe. "Ilikuwa ndani ya sanduku yangu ya safari siku zote," akasema, akicheka. Nilimnyoa shingo huku nikiogopa mikono yangu.

Jumapili nikaenda Makongeni kumwomba Kamau msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Kabla sijakaa akamwita mkewe.

"Huyu ndiye nilikuambia. Wote waliniona mwizi, hata ndugu yangu wa tumbo moja. Huyu peke yake aliniamini."

Mkewe akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nikapewa chai. Nikainywa.

Sasa nimestaafu, na macho hayatoshi tena kushika kichwa cha mtu. Vijana huniletea nyembe kuukuu niwaambie umri, nami nawaambia bila kuficha: soma chuma, uache mpini. Wananisifu kwamba sikosei.

Kamau tulimzika mwaka jana. Watoto wake walinisimamisha mbele ya watu wote niseme neno, kama rafiki aliyemwamini baba yao wakati mbaya. Nilisimama, nikavua kofia. Nikasema ni kweli.