Emmota na Shetani wa Ukutani

Emmota Thirkell, mjane, aliuza pombe ya shayiri kijijini Thornhoe, na pombe yake ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililomponza. Mke wa Hamond Sleight naye alipika, lakini yake ilichacha mapema, na wateja wakahamia kwa mjane. Hamond alikuwa mzee wa kanisa. Mwaka walipoamua kuchora Siku ya Kiama ukutani mwa kanisa, yeye ndiye aliyemleta mchoraji, akamlisha, akamlaza kwake, akamnong'oneza.

Turubai lilipoondolewa, watu walimwona Kristo juu ya upinde wa mvua na wafu wakitoka makaburini uchi. Upande mmoja jehanamu ilikuwa imeachama kama samaki mkubwa, na mbele yake shetani mwenye masikio ya popo amemkumbatia mwanamke mwenye jagi. Mwanamke yule alivaa kilemba chekundu. Thornhoe nzima, kilemba chekundu kilikuwa cha Emmota peke yake.

"Emmota, mumeo anakuita," Hamond alisema, na kanisa zima likaangua kicheko.

"Mwambie asubiri. Namhudumia mkeo kwanza, maana hata yeye siku hizi anakunywa kwangu."

Mwenye jagi jehanamu alimaanisha muuza pombe anayepunja vipimo. Je, Emmota alikuwa akipunja? Siku mojamoja, kama muuzaji yeyote. Lakini mwoka mikate hakuchorwa, wala msaga unga.

Kwa miaka ishirini na minane alikaa chini ya picha ile kila Jumapili. Bintiye Sabina alivunjiwa posa mara mbili. Nani aoe kwa mke wa shetani? Akaenda kutumika mji wa mbali, asirudi tena. Hamond alipofiwa na mkewe, alikuja kuomba pombe ya matanga.

"Wape maji," Emmota alimjibu, akafunga mlango.

Kisha akatawazwa mfalme mpya, mtoto mdogo, na amri ikaja kwamba picha zote za makanisani zifutwe kwa chokaa. Wanaume waliizunguka ngazi wakitazamana. Hakuna aliyetaka kumpaka Kristo chokaa usoni. Emmota akafunga sketi yake kiunoni, akachukua ndoo, akapanda.

Kule juu ndipo alipomwona vizuri yule mwanamke. Shetani alichorwa unywele kwa unywele. Mwanamke alikuwa na nukta mbili za macho na mstari wa mdomo. Angeweza kuwa mtu yeyote.

"Jifute basi," Hamond alisema kutoka chini. "Si ndicho ulichokitaka siku zote?"

Emmota akageukia upande wa waliookoka. Nyuma ya Petro alisimama mwanamume mwenye ndevu za Hamond, hata chunjua ya puani ilikuwepo.

"Naanza na wewe," akasema, akampaka.

Sauti ya mzee ikabadilika. "Emmota, huyo wa pembeni mwache. Ni mke wangu. Sina sura yake mahali pengine."

Brashi ilisimama. Emmota alimfikiria Sabina, ambaye sura yake nayo haikuwepo mahali popote. Kisha akapaka, taratibu, mara mbili, hadi uso ukapotea.

Hamond aliondoka. Hawakusemezana tena hadi alipozikwa majira ya kuchipua. Ukuta ulibaki mweupe, na watoto waliozaliwa baadaye waliendelea kumwita Emmota mke wa shetani, bila kujua jina hilo lilitoka wapi.