Mama Anataka Halbadiri Isomwe, na Aliyetusaliti Ni Kaka Yangu

Admin, nifichie jina na kijiji, nikijulikana sina pa kuishi. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, nimeachika, nina watoto wawili. Naishi na mama yangu mzazi katika kijiji kimoja cha pwani, mkoa wa Tanga, kinachopakana na hifadhi ya wanyama. Tunalima mihogo na ufuta, na tuna minazi aliyoiacha marehemu baba.

Tangu mwaka jana tunaambiwa mpaka wa hifadhi unapita huku kwetu, na kaya kadhaa tumo ndani. Maofisa walisema tukithibitisha kwamba wazee wetu waliishi hapa kabla ya hifadhi, mpaka utasogezwa. Ushahidi wenyewe ni visima, minazi ya zamani na makaburi. Sisi makaburi tunayo. Babu na bibi wamelala shambani kwetu, na pembeni yao yupo mdogo wetu aliyefariki akiwa mchanga. Hilo la mtoto halina hata jiwe, mama alipanda mrehani tu. Mpita njia hawezi kujua kama pale kuna mtu.

Siku ya mkutano ofisa akatuambia kuna shahidi, mwenyeji kabisa, ameandikisha kwamba hapa palikuwa dago tu, wavuvi wanapiga kambi, msimu ukiisha wanaondoka, na makaburi ni ya wavuvi waliofia kambini. Jina hakulitaja. Kwa hiyo mpaka unabaki na sisi tutahamishwa. Watu walichachamaa. Mimi nina hasira za karibu, nikasimama nikasema, "Kama hatajwi, basi isomwe Halbadiri." Kwa asiyejua, hiyo ni dua ya kumshtaki kwa Mungu mtu aliyekudhulumu, na huku kwetu inaogopwa kuliko polisi. Wote wakakubali. Mama hakwenda mkutanoni kwa sababu ya miguu. Nilipomhadithia alisema, "Mbuzi wa kuchinjwa kwenye dua natoa mimi. Na aliyeyanena hayo, mwanangu, ulimi wake upooze asiweze hata kuomba maji."

Wiki iliyopita, kwa kuwa mimi ndiye katibu wa kamati ya kijiji, nikapewa nakala ya yale maelezo, jina limefutwa kwa wino. Nikasoma kwamba makaburi ni matatu, mawili ya watu wazima, na moja la mtoto mchanga penye mrehani. Nilikaa chini. Kwamba pale amelala mtoto tunajua watu watatu tu tuliobaki hai, mama, mimi na kaka yangu.

Kaka ana miaka 41, alikuwa kibarua getini hifadhini. Ndiye roho ya mama. Akipikwa samaki, kipande cha katikati kinawekwa chake hata siku ambayo haji. Nilimfuata huko huko getini, na hakukana.

"Dada, wewe unalala dunguni shambani kufukuza tembo, wanao umewaacha na mama asiyeweza kukimbia," alisema. "Nilitaka mtoke pale mkiwa hai."

Nikamuuliza, hiyo sare mpya umepewa lini? Akatazama chini. Kumbe ameshaajiriwa moja kwa moja. Nikamwambia kuhusu Halbadiri. Akauliza, "Mama naye ataitikia?"

Jamani, nimeumia. Huyu ndiye aliyekuwa akinibeba mgongoni kwenda shule mto ukifurika, na huyo huyo amemfanya mdogo wetu mtoto wa wavuvi wasiojulikana. Mwenyekiti anasema tukimjua shahidi tunaweza kuupinga ushahidi wake kwa rufaa, kwa hiyo nikimtaja huenda shamba likapona, lakini kijiji kitamfanya nini sijui, na mama ana presha. Nikinyamaza, tunahamishwa, na mama anamwapiza mwanawe kwa kinywa chake bila kujua. Kuizuia dua siwezi, niliyeianzisha ni mimi. Na niseme ukweli, kuna saa natamani isomwe na mimi niitikie kwa sauti.

Dua ni Ijumaa hii baada ya swala. Mama ameshaniagiza ubani, uko mkobani mwangu. Mbuzi amemfunga mlangoni, anamlisha kwa mkono wake. Nishaurini, ndugu zangu, nimwambie mama, au nimwache aitikie amin?