Springi za Mbele

Nilikata springi za mbele za gari ya baba. Naanza hapo kwa sababu dada zangu wakisimulia huanza na tabia yangu, halafu springi zinasahaulika.

Gari yenyewe ni ya spoti, nyekundu, milango miwili, imenizidi umri mara tatu. Baba hulitamka neno orijino kama amina. Redio haisemi, lakini ni orijino, kwa hivyo imeachwa inyamaze kwa heshima.

Mimi niliona kitu kimoja tu: ilisimama juu sana, kama mbuzi anayechungulia shamba la jirani. Kwenye simu, gari kama hizo zimelala chini karibu zinuse lami. Alhamisi baba akiwa kazini, shuleni anakofundisha, niliazima grainda ya kukatia chuma kwa fundi wa mageti, nikapiga jeki, nikakata mizunguko miwili kila upande. Ikashuka vizuri. Nikaipiga picha, nikairudishia turubai.

Jumamosi kulikuwa na maonyesho ya magari ya zamani. Huko wakaguzi huingia mpaka chini ya gari, na ikipita unapewa cheti kwamba haijaguswa. Hicho cheti baba alikitaka tangu kabla sijazaliwa. Alivaa suti. Alitoa turubai akikagua rangi, kimo hakukiangalia. Mama akakaa mbele, mimi nikajikunja nyuma.

Kwenye bampu ya barabarani, pale soko la Matiliku, gari ilivuka nusu, ikakaa kwa tumbo.

"Mwalimu, hiyo imeshiba!" muuza nyanya mmoja akapaza sauti.

Baba akashuka, akalala chini na suti yake.

"Nani amekata hizi?"

"Labda zimechoka, Baba. Ni za zamani."

"Chuma ikichoka inang'aa hivi kwa ncha?"

Watu wa soko wakatusukuma, tukageuza, tukarudi nyumbani. Baba aliingia chumbani na vumbi lake, akafunga mlango polepole. Afadhali angeubamiza.

Mama alibaki nje kando ya gari, akijipapasa mgongo. Nikangoja kofi. Akasema:

"Miaka ishirini nimekalia hicho kiti, waya yake ikinidunga mgongoni, naambiwa nivumilie, ni orijino. Wewe ukapata grainda mkononi, ukaona ukate springi nzuri?"