Upande wa Pili wa Uwanja

Kila Jumamosi, kabla ya kutoka, alimpima mama yake sukari, akamfunikia chakula mezani, akamwekea simu karibu na mto, ndipo akabeba begi lake la viatu.

"Unakwenda tena kukimbizana na watoto wa watu," mama alisema, kama alivyosema Jumamosi iliyopita.

"Nakwenda kazini, Mama."

"Kazi gani ya kupuliza filimbi na kutukanwa?"

"Hiyohiyo."

Jibu la kweli alikuwa nalo, ila si la kumwambia mama. Wiki nzima alikaa mapokezi kwenye kliniki ya meno, akiwaambia watu wenye mashavu yaliyovimba wasubiri kidogo. Akitoka hapo ilianza zamu ya nyumbani: sindano, vidonge, nyayo za mama za kukaguliwa zisije zikawa na kidonda, na zile hasira za mama zisizopiga hodi. Uwanjani tu, akichezesha kikapu, ndipo alipokuwa hategemewi na mtu. Wangemtukana, sawa, lakini matusi ya uwanjani huishia uwanjani, na wachezaji kumi wenye afya zao hawahitaji kukumbushwa dawa.

Walimwita Bi Kimya kwa kuwa hakujibizana na mtu. Miaka arobaini alikuwa ameshaivuka, na goti la kushoto lilikwisha kumpa taarifa. Mwenzake, aliyekuwa akichezesha naye karibu kila mechi, aliitwa Hatua. Jina hilo lilimganda kwa sababu hakuna aliyewahi kutembea na mpira bila kuudundisha mbele yake akasalimika. Hata mtoto wa dada yake alipigiwa filimbi kwenye fainali ya shule, na dada mtu akanuna mwaka mzima.

Hatua alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa miaka hamsini na kitu, mikono imejaa alama za cheche. Zamani alikuwa mnywaji, na hilo halikuwa siri. Chama cha waamuzi kilimsimamisha alipofika uwanjani ananuka pombe, na kilipomrudisha kilimwambia bila kumung'unya maneno: ukirudia, filimbi usahau. Waamuzi wengine wakawa wanakwepa kupangwa naye. Bi Kimya alikubali kwa sababu alikuwa amechoka mno siku alipoulizwa hata asiweze kubuni kisingizio.

Kumbe alikuwa amepata mwenzi. Marefa wawili wa kikapu hugawana uwanja: mmoja husimama chini ya kikapu, mwingine hukaa nyuma ya mchezo, na mpira ukigeuka nao hubadilishana. Kabla ya kumkabidhi mchezaji mpira aurushe ndani, refa humtazama mwenzake. Uko tayari? Niko tayari. Ni kufumba na kufumbua tu, na marefa wengi wakishachoka huacha. Hatua hakuacha hata siku moja. Bi Kimya aliwahi kufikiri, akiwa amesimama kwenye foleni ya dawa za mama, kwamba katika maisha yake yote ni mtu huyu mmoja tu anayemuuliza kila mara kama yuko tayari.

Jambo moja lilimkera. Miezi ya karibuni, kila mapumziko ya kati, Hatua alijifungia peke yake chumba cha kubadilishia nguo na begi lake. Alitoka akipangusa midomo. Bi Kimya hakuuliza. Alijiambia kwamba hataki kujua, maana akijua itabidi afanye kitu.

Jumamosi hiyo ilikuwa nusu fainali, timu ya weupe dhidi ya bluu, ndani ya ukumbi wenye paa la bati ambalo jua lilikuwa limelichoma tangu asubuhi. Kuelekea mapumziko mchezaji mmoja wa bluu alirukia ringi akaning'inia, na ringi likalegea. Mtunza ukumbi akaleta ngazi, akasimama nayo mkononi, anaangalia juu, hapandi.

"Kaka, si wewe fundi?" Bi Kimya alimwambia Hatua. "Panda basi, la sivyo tutalala hapa."

Hatua alitazama mlango wa chumba cha kubadilishia, akamtazama yeye, akatazama ringi. "Haya, mdogo wangu," akasema. Akapanda. Alikaza nati moja baada ya nyingine huku mashabiki wakimtania: "Fundi, ukimaliza kuna geti langu huku!" Aliposhuka, mapumziko yalikuwa yamekwisha.

Robo ya tatu ilianza vizuri. Kisha Hatua akawapa bluu mpira uliokuwa wa weupe. Makosa ya kawaida, kila refa huyafanya. Lakini hakumtazama mwenzake. Alimkabidhi mchezaji mpira kama mtu anayempa mwenye duka chenji, macho yako kwingine. Bi Kimya alisimama upande wake akingoja jicho ambalo halikuja.

Mara ya pili alipuliza faulo, akaenda mbele ya meza kuonyesha namba ya mchezaji kwa vidole. Akaonyesha tisa. Timu zote mbili hazikuwa na tisa. Akaangalia vidole vyake, akaanza upya, akaonyesha tisa ileile.

Ukumbi ukalipuka.

"Kapiga chupa huyo!"

"Mlevi haachi, hupumzika tu!"

"Refa, hiyo tisa ni idadi ya chupa au?"

Kocha wa weupe, mwanamume mwenye sauti ya mnadani, alimfuata Bi Kimya ukingoni mwa uwanja. "Dada, mwenzako yuko maji. Unaona au hutaki kuona? Mtoe kabla sijaita kamishna."

Bi Kimya alipuliza filimbi kusimamisha mchezo, akamwendea Hatua. Njiani alikuwa na hasira. Alifikiria chumba kile kilichofungwa, midomo iliyopanguswa. Aliyebebeshwa aibu hii ni yeye aliyekubali kupangwa naye. Alipomfikia, alifanya jambo ambalo baadaye lilimuuma kuliko yote: alisogeza uso akamnusa.

Alinusa sabuni na jasho. Na chuma.

"Unaninusa?" Hatua alisema. Ulimi ulikuwa mzito. "Na wewe? Na wewe pia unaninusa? Ondoka mbele yangu! Nani kakuita? Kila siku uko juu yangu kama inzi!"

Mtu mwingine angerudi nyuma. Bi Kimya alibaki palepale, kwa kuwa maneno yale aliyajua. Hayo ya inzi mama yake alimwambia Jumatano, jikoni, mkono umeshika mlango wa kabati ili asianguke. Aliushika mkono wa Hatua. Ndani ya ukumbi ule ambamo hata mipira ilikuwa na joto, mkono ulikuwa baridi na umeloa, na ulitetemeka.

Hata hapa, alifikiri. Hata hapa yamenifuata. Na kwa muda mfupi alitamani kukaa chini yeye, mtu mwingine ashughulike.

Kisha akasema, "Kaa chini, kaka."

"Sikai."

"Nami nakaa. Tukae wote."

Akamshusha polepole, mgongo kwenye nguzo ya kikapu. Akageukia viti. "Soda! Yenye sukari, si maji! Nani ana soda?"

Watu walicheka kidogo, wakadhani ni mzaha. Mama mmoja wa mchezaji wa bluu ndiye aliyeinuka, akashuka na chupa yake iliyobaki nusu. Bi Kimya alimwambia Hatua ameze mate kwanza, aone kama anaweza kumeza. Alipomeza, akampa fundo dogo, akasubiri, akampa jingine. Daktari wa timu ya bluu alikuja akapiga magoti, akamshika mkono apime mapigo.

"Ulidunga sindano leo?" Bi Kimya aliuliza kwa sauti ya chini.

Hatua alifumba macho. "Asubuhi."

"Ukala?"

"Siwezi kukimbia nimeshiba. Huwa nakunywa juisi mapumziko. Leo..." Akanyoosha kidole juu, kwenye ringi.

Bi Kimya alitazama ringi. Lilikuwa limekazwa vizuri, halichezi.

Kamishna wa mchezo alikuwa anakuja, mtu mnene aliyetembea kama anayeogopa kumwaga kitu. Nyuma yake makocha wote wawili. Hatua alipowaona alimshika Bi Kimya pindo la jezi. Ulimi ulikuwa umeanza kurudi mahali pake.

"Usiwaambie."

"Nisiwaambie nini?"

"Sema ni joto. Joto linapita, mtu anapumzika wiki mbili anarudi. Hii nyingine haipiti. Wataniondoa, mdogo wangu. Nikiondolewa hapa nitafanya nini Jumamosi? Unajua mimi Jumamosi zamani nilikuwa nafanya nini."

Alijua. Naye alikuwa bingwa wa kuficha. Kwa miaka alikuwa akiwaambia majirani kwamba mama ana uchovu, mama amelala, mama hapendi wageni. Joto lilikuwa neno dogo, na paa la bati lilikuwa shahidi tosha. Angelitamka tu, na Jumamosi ijayo Hatua angekuwa hapa tena, amejifungia na begi lake. Na siku nyingine kungekuwa na ringi jingine, au mpangilio wa kumweka na refa asiyewahi kuishi nyumba moja na ugonjwa huu.

"Nini?" kamishna aliuliza. "Ni pombe? Niambie ukweli, mama."

Kocha wa weupe akadakia, "Si inaonekana?"

Bi Kimya alisimama. Goti lililia. "Hajalewa," alisema, na kwa kuwa hakuzoeleka kupaza sauti, watu wa viti vya mbele walinyamaza. "Ana ugonjwa wa sukari. Imeshuka. Hana harufu ya kitu chochote, njoo umnuse mwenyewe kama nilivyomnusa mimi."

Kocha hakwenda kumnusa. Alianza kukagua kamba za viatu vya mchezaji wake.

Hatua aliachia pindo la jezi yake. Daktari wa timu na kijana mmoja walimwinua, wakamtoa kwa mlango wa pembeni kwenda kwenye gari, apelekwe hospitali. Alipita karibu yake bila kumtazama.

Kanuni ni kwamba refa akishindwa kuendelea kwa dakika tano, aliyebaki huchezesha peke yake, isipokuwa kama kuna mwingine wa kumpokea. Ukumbini hapakuwa na mwingine. Kamishna alimuuliza kama ataweza.

"Nitaweza," alisema. Ndilo jibu alilowapa watu wote maishani.

Akakimbia pande zote mbili. Chini ya kikapu, nyuma ya mchezo, chini ya kikapu. Aliona nusu ya mambo, na nusu nyingine aliikisia kwa sura za wachezaji. Ajabu, hawakumsumbua; mrefu mmoja wa bluu aliinua mkono mwenyewe akakiri kugusa mpira. Lakini kila alipotaka kumkabidhi mchezaji mpira, shingo yake iligeuka yenyewe upande wa pili. Pale palikuwa na mstari, ukuta na kiti cha plastiki. Weupe walishinda. Hakukumbuka kwa tofauti gani.

Hospitali alimkuta Hatua amekaa kitandani, anakula mkate kwa hasira.

"Umenimaliza," Hatua alisema.

"Najua."

"Kamishna amepiga simu. Nimesimamishwa mpaka daktari aniruhusu. Na daktari mwenyewe umemwona? Mtoto yule! Atathubutu kuruhusu nini?"

"Ni mimi niliyekupandisha ngazi," Bi Kimya alisema.

"Hilo sikulaumu. Ringi lilikuwa limelegea." Akatafuna. "Nakulaumu kwa lile lingine."

Alikaa kidogo kwenye benchi, akaondoka.

Mama alimkuta sebuleni, viatu bado vimo miguuni. Akasimulia, kwa kuwa alichoka hata kunyamaza.

"Alikuwa mkali?" mama aliuliza.

"Mkali kama wewe. Hata inzi nimeitwa."

Mama alicheka mpaka akashika kiti. Kisha akaangalia nyayo zake. "Mwambie aje," alisema.

"Hatakuja, Mama. Hanitaki."

"Nani kasema aje kwako?"

Hatua hakupokea simu wiki nzima, hivyo Bi Kimya akamwandikia ujumbe kwamba mama anamwita. Jumapili iliyofuata, mchana, aligonga mlango, amevaa shati la kupigiwa pasi, begi lilelile begani. Alimsalimia Bi Kimya kwa kichwa tu, akapita akaenda kumwamkia mama.

"Shikamoo, mama. Nimeambiwa una mambo ya kunifundisha."

"Marahaba. Kaa. Kwanza hebu niambie, midomo huwa inakufa ganzi kabla sukari haijashuka?"

"Hufa ganzi! Nilidhani ni moshi wa kuchomelea."

"Moshi! Wewe na fundi aliyejenga kichwa chako, nani mjinga? Toa hicho unachokificha kwenye begi, tukione."

Bi Kimya aliwaacha. Hakujua kama Hatua angeruhusiwa kurudi uwanjani, na Hatua hakumtajia. Alikwenda chumbani kwake, akajilaza na nguo zake, kwenye mwanga kamili wa mchana, jambo ambalo hakulifanya tangu mama augue. Kutoka sebuleni alisikia chupa ya juisi ikifunguliwa, na mama akimfokea mgeni kwamba hiyo ni nyingi mno. Mgeni naye akajibu mapigo.

Baadaye hatua nzito zilikuja mpaka mlangoni, zikasimama.

"Mdogo wangu," sauti ilisema, bado imenuna. "Umelala?"

Alitaka kujibu. Usingizi ukamtangulia.

"Kalala," Hatua alimwambia mama kule sebuleni. "Mwache. Nipo mimi."