Mashine Ambayo Samaki Hawaisikii

Mngurumo alishuka basi katika mji asioujua, akauliza njia mara nne, hatimaye akafika kwenye duka la mashine za boti. Kwao alibandikwa jina hilo kwa sababu ya injini yake ya petroli. Samaki waliisikia kutoka mbali wakatimua mbio, naye mwezi mzima alirudi na kapu tupu, mpaka mkewe akachoka.

"Baba watoto, ukileta nyingine ya kelele, mimi nitavua, wewe utapika."

Muuzaji alimtolea mashine tatu za umeme, akaifunga ya kwanza kwenye pipa la maji, akaiwasha.

"Haina kelele hata chembe, mzee."

"Kwako wewe. Wewe si samaki."

Mngurumo akavua kofia, akazamisha kichwa pipani mpaka mabegani, akaibuka akikohoa. "Inanizomea hii!"

Ya pili aliikataa kwa kutikisa kichwa humohumo majini. Kwa ya tatu alikaa sana, hata muuzaji akamshika mkanda wa suruali. Alipotoka, uso ulikuwa unamng'aa.

"Imetulia kama maji ya mtungini! Nifungie hii hii."

"Mzee, hiyo sijaiwasha bado."

"Usithubutu! Utaiharibu."

"Sasa boti itakwendaje?"

"Makasia ninayo, mwanangu. Mama watoto alitaka mashine isiyo na kelele. Hakusema iwashwe."

Akaitia begani, maji yakimchuruzika masikioni, akashika njia. Muuzaji alibaki mlangoni, ameikumbatia betri ya mashine hiyo, ambayo mteja alikataa katakata kuichukua.