Pini ya Tatu ya Friji la Mama Mdogo

Kabla sijashusha begi mgongoni, mama mdogo alinionya nisiguse friji lake.

"Lina kitu," alisema kwa sauti ya chini, huku akitazama ng'ambo ya uwanja, kwenye mlango wa chumba cha wifi yake. "Ukishika linauma. Na aliyeliwekea namjua."

Nilikuwa nimerudi Nandagala baada ya kumaliza mafunzo ya umeme chuoni, nikiamini kwa dhati kwamba kazi yangu ya kwanza ingekuwa kuwafaa watu wa kwetu. Mama mdogo ni mjane. Mikorosho yake humpa fedha msimu mmoja tu. Miezi mingine yote anaishi kwa barafu za ubuyu na maji baridi. Wifi yake, dada wa marehemu mume wake, ambaye mimi namwita shangazi, alikuwa akiishi naye uwanja mmoja na kumsaidia kufunga barafu. Sasa hakuruhusiwa hata kusogelea mlango wa sebule.

"Ufuta ukishavunwa, ahame," mama mdogo alisema. "Aende Kiegei kwa mwanawe. Akawaroge hukohuko."

Nilitoa tesita, ile bisibisi ndogo yenye taa ndani, nikagusisha ncha yake kwenye bati la mlango wa friji. Taa iliwaka: bati lilikuwa na umeme.

"Hiyo inawaka kwa betri yake," alisema.

"Haina betri, mama."

"Basi hicho kitu kimekuogopa wewe." Alijifunga khanga upya, akarudi nyuma hatua moja. Alikuwa peku, na sakafu ya saruji ilikuwa imelowa maji ya barafu.

Nilimwomba avae kandambili na asiguse chochote, kisha nikaanza kutazama nyumba ile kama mtu anayekagua mahali palipoibiwa. Kwanza niliona chaji ya simu. Ilikuwa na pini mbili za mviringo, nayo soketi ilikuwa na matundu matatu bapa, kama zilivyo soketi nyingi za kwetu. Matundu mawili ya chini huzibwa na vifuniko kwa ndani, ili mtoto asiingize kidole wala msumari. Hufunguka pale tu pini ndefu ya juu inapotangulia kuingia. Mama mdogo alikuwa amechomeka njiti ya fagio katika tundu la juu, vifuniko vikafunguka, chaji ikaingia kwa nguvu. Niliichomoa. Pini zake zilikuwa za moto, kwa sababu katika matundu yale zilikuwa zinachezacheza. Nilimweleza kwamba chaji, kwa kuwa mwili wake ni plastiki tupu, haihitaji pini ya tatu, ila inahitaji adapta inayokaa sawasawa, si njiti.

"Mtaa mzima tunatumia njiti," alinijibu. "Au na wao wamelogwa?"

Friji lilikuwa na plagi ya pini tatu. Nilizima swichi, nikaichomoa kwa kushika plagi yenyewe, si waya, nikafungua skrubu yake. Waya wa kahawia ulikuwa mahali pake upande wa fyuzi, na wa bluu mahali pake. Waya wa kijani na njano, ule ambao mafundi huuita athi, ulikuwa umekatwa, na ncha yake kufungwa vizuri kwa utepe mweusi. Niliutazama kwa muda mrefu. Panya hakati hivyo. Huo ndio waya unaotoka kwenye mwili wa chuma wa friji, kupitia pini ya tatu, hadi kwenye nondo ya shaba iliyochimbiwa nyuma ya nyumba. Mtu alikuwa amekusudia kuondoa kinga ya mama mdogo, tena kwa mkono uliotulia.

Shaka yangu ilimwangukia fundi aliyewahi kuitwa kutoka Nachingwea kulitazama friji hilo. Nilipanda bodaboda nikamfuata kwenye kibanda chake sokoni, katikati ya redio na pasi zilizofunguliwa matumbo.

"Karibu dada. Pasi au redio?"

"Friji la mjane wa Nandagala. Waya wa athi umekatwa."

"Nilikata mimi," alisema bila kuinua macho.

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo, si kwa jibu hilo. Nikamuuliza sababu.

"Muulize mwenye friji. Alinisimamia mlangoni. Wanasema pini ya tatu inamwaga umeme ardhini, yuniti zinakwisha. Kuna waliong'oa mpaka nondo."

"Na wewe ukakubali, wakati unajua."

"Dada msomi, kaa hapa msimu mmoja, uwakatalie wateja kila wanachotaka. Halafu uje kuniambia ulikula nini."

Wenzake walicheka. Sikucheka, na mpaka leo sidhani kwamba alinijibu. Niliomba plagi mpya. Aliponipa, niligusisha pini zake na sumaku ya spika iliyokuwa mezani. Zilinata, maana yake zilikuwa chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Niliirudisha. Alitabasamu, akatoa nyingine chini ya meza, na hiyo haikunata.

Mama mdogo hakukana. "Nilimwambia, na nitamwambia tena. Ile taa nyekundu ya mita, inayohesabu umeme, ilikuwa inakonyeza hata friji likiwa limezimwa. Umeme ulikuwa unakwenda wapi?"

"Na friji lilianza kuuma lini? Kabla ya kukata waya, au baada?"

Macho yake yalikwenda kwenye mlango wa shangazi, yakarudi.

"Funga huo waya," alisema hatimaye. "Lakini mita tutaitazama wote."

Nilihakikisha kwamba nondo yake bado ipo na imeshika, nikafunga plagi mpya na nyaya zake zote tatu. Tuliondoa kila kitu kwenye soketi, tukazima taa za nyumba, nikachomeka friji huku kidhibiti chake cha baridi kikiwa kwenye sifuri, kama yeye alivyozoea kulizima. Tukasimama mbele ya mita. Taa nyekundu ilikonyeza, ikanyamaza, ikakonyeza tena.

"Umeona?" alisema taratibu. "Mimi si mwongo."

Hakuwa mwongo. Ilinibidi nikubali kwamba jicho lake lilikuwa limeona jambo la kweli.

"Unamwagika, mama. Ulipouzibia njia ya ardhini ukatafuta nyingine. Njia hiyo ilikuwa wewe, peku kwenye maji."

Nilichomoa friji na kuligeuza. Karibu na mota, panya walikuwa wameguguna ganda la waya, nao waya ulikuwa umelalia bati lenye unyevu. Nilikata kipande kile, nikaunga kipya, nikakausha bati na kuuinua waya. Nililichomeka tena, na tuliporudi kwenye mita, taa haikuwaka. Tulingoja hadi mama mdogo mwenyewe akachoka kungoja.

Alikwenda uwanjani akaita, "Wifi, njoo ulishike."

Shangazi alikuja hadi kizingitini, akasimama hapo. "Nilishike mimi, ili nikianguka mseme uchawi umenirudia? Shika wewe kwanza."

Mama mdogo aliweka kiganja kizima kwenye mlango wa friji na kukiacha hapo, huku wakitazamana. Ndipo shangazi alipoligusa kwa migongo ya vidole, kisha kwa mkono, akalifungua, akachukua barafu moja na kuing'ata pembe.

"Hii ni fidia ya kunitukana mtaani," alisema.

"Chukua mbili," mama mdogo alimjibu, akamsogezea beseni la ubuyu.

Habari ya Kiegei sikuisikia tena. Lakini jioni, wakati shangazi akifunga barafu sebuleni, nilimkuta mama mdogo amesimama mbele ya mita, mikono nyuma.

"Sasa inakonyeza kwa sababu friji linafanya kazi," nilimwambia.

"Najua," alisema, bila kuondoa macho.